Malaika Aliyesimama Mlangoni Kwangu

Masomo: Luka 13:1-5, Kumbukumbu la Torati 22:8, Ayubu 2:11-13

Haya ninayoandika wiki hii nimeyabeba tangu masika ya 2024. Sikuyaleta mapema kwa sababu yananihusu vibaya. Mchungaji aliponiomba niandike, nilimwambia nina ushuhuda, lakini ni wa kusahihisha ushuhuda mwingine niliowahi kutoa. Akasema, andika.

Usiku wa kuamkia Jumatano, 24 Aprili 2024, mvua ilinyesha Nairobi bila kupumua. Sisi tunaokaa Mathare tunaujua mto wetu kwa sauti. Ukivimba, unanguruma kama lori linalopanda mlima. Usiku wa manane nikasikia watu wakipiga mabati na kupiga nduru. Nilipofungua mlango, maji yalikuwa yameingia kichochoroni, meusi, yamebeba mitungi, viatu, mbao, na godoro la mtoto. Mke wangu akashika Biblia, mimi nikashika mlango, tukaomba kwa sauti kubwa. Maji yakafika kwa kizingiti. Yakasimama hapo kitambo, kisha yakaanza kurudi. Alama ya tope iko kwa huo mlango mpaka leo.

Jumapili, 28 Aprili, nikasimama mbele ya kanisa kushuhudia. Nilisema Bwana alituma malaika akasimama mlangoni kwangu. Nikasema hata wapangaji wangu wa kule chini mtoni hakuna aliyeguswa. Watu wakasema amina, wengine wakapiga makofi. Hapo nikanogewa, nikaongeza neno: nikasema hii ndiyo faida ya kutoa fungu la kumi kwa uaminifu.

Kwenye benchi la nyuma alikuwa amekaa mama mmoja wa kanisa letu. Alikuwa amevaa leso ya kuazima, kwa sababu nguo zake zote zilikwenda na maji. Kijana wake wa miaka tisa alipatikana siku ya pili, amekufa. Msichana wake wa miaka minne alikuwa hajapatikana. Nilijua hayo yote nilipokuwa nikizungumza. Nilidhani ushuhuda wangu utamtia moyo.

Ibada ilipoisha, tukisalimiana mlangoni, akanishika mkono akasema, "Mzee, nashukuru Mungu mko salama. Lakini nataka kuuliza kitu. Huyo malaika aliyesimama kwa mlango wako, akitoka hapo alipita kwangu ama alizunguka?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza steji ya matatu iko wapi. Nami ningemjibu nini? Nikamwambia lile neno ambalo sote tunalo mdomoni siku ya matanga: "Mama, kazi ya Mungu haina makosa." Akatikisa kichwa polepole, akajifunga leso vizuri, akaenda zake.

Kilichonichoma zaidi kilinijia jioni. Mimi ni mmoja wa wazee wanaohesabu sadaka. Bahasha ya fungu la kumi ya yule mama naijua. Anauza chapati na maharagwe, na kwa miaka yote niliyohesabu sikumbuki mwezi ambao bahasha yake ilikosa.

Kile maji huondoka nacho

Kesho yake, Jumatatu 29 Aprili, tukaamka na habari za Mai Mahiu. Alfajiri ya siku hiyo, maji yalishuka kutoka upande wa Kijabe yakafagia kijiji cha Kamuchiri na makao ya karibu, katika Kaunti ya Nakuru. Siku ile ile miili zaidi ya 40 ilipatikana, na hesabu ikaendelea kupanda. Wengi walikufa wakiwa kitandani.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda, wanaume kumi na wawili wa kanisa, na blanketi, unga na sufuria. Nilikuwa nimezoea kusikia mafuriko yakitajwa kwa idadi: wamekufa wangapi, wamehama wangapi. Huko nilijifunza kwamba maji hayachukui watu mmoja mmoja. Yanachukua nyumba, maana yake yanachukua namna watu walivyoshikana.

Nilimwona mzee akichimba kwa jembe mahali pasipokuwa na alama yoyote ya nyumba. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Hapa ndipo jiko lilikuwa." Kama angelipata jiko, angejua kitanda kilikuwa upande gani. Nilimwona baba aliyeshika mtoto mmoja akamwachilia mwingine, kwa sababu mikono ni miwili na maji hayangoji. Mkewe alikuwa hai, naye alikuwa hai, lakini walikuwa wamekaa mbali mbali, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Hakuna aliyekuwa amemlaumu mwenzake kwa mdomo. Hawakuhitaji.

Kuna mambo madogo ambayo aliye mbali hayaoni. Kitambulisho kimekwenda, na bila hicho huwezi kuchukua pesa zako kwa wakala, wala kutambuliwa upesi pale msaada unapogawiwa. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimekwenda. Mkopo wa chama haukwenda; ule unabaki pale pale, na kibanda ulichokopea kiko chini ya tope. Mwezi ule shule zilichelewa kufunguliwa mpaka 13 Mei, na madarasa mengine yakawa makao ya waliohama. Watoto waliofiwa wakaanza kugawanywa kwa jamaa: huyu kwa shangazi Nyahururu, yule kwa nyanya Murang'a. Ndugu waliookoka pamoja kwenye paa moja sasa wanalala kaunti tofauti.

Na kuna wasiopatikana. Hili ndilo la mama yetu. Mtu aliyezikwa ana kaburi, na siku ya kumkumbuka inajulikana. Aliyepotea hana. Sheria yetu ya ushahidi inasema asiyesikika kwa miaka 7 ndipo hudhaniwa amekufa. Fikiria mzazi akiambiwa miaka 7. Afanye nini na sahani ya mtoto? Akihama, na mtoto akirudi? Anajua hatarudi, lakini akili inayojua na sikio linalosikiliza mlango usiku haviketi pamoja.

Jibu la kwanza: walikosa nini?

Njiani tukirudi, ndani ya gari, ndugu mmoja akasema pengine mahali pale palikuwa na dhambi nyingi. Pombe, akasema. Hakuna aliyempinga. Nami nilinyamaza. Ningepinga vipi, na ushuhuda wangu wa Jumapili ulikuwa umesema jambo hilo hilo kwa upande wa pili? Ukisema "nimepona kwa sababu ni mwaminifu," umeshasema aliyekufa hakuwa mwaminifu, hata kama hukumtaja.

Mpendwa, Bwana wetu aliulizwa swali hili, na jibu lake tunalo. Katika Luka 13 walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yeye akaongeza tukio lingine mwenyewe: mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18 ukawaua. Akawauliza kama wanadhani hao 18 walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe, hapana. Kisha akawageuzia walio hai, akawataka wao watubu.

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, amefunga kabisa mlango wa kupima dhambi ya marehemu kwa namna ya kifo chake. Pili, ajali ile ameigeuza kuwa swali kwa aliyebaki. Sisi hufanya kinyume: tunawahoji waliokufa, walio hai tunawapigia makofi.

Jibu la pili: kazi ya Mungu haina makosa

Neno hili silidharau. Limewashikilia watu wengi siku ambayo hawakuwa na kingine cha kushika. Mfiwa akilisema mwenyewe, anyamaziwe. Ni haki yake na ni imani yake. Lakini nimeanza kuogopa linaposemwa na mtu kama mimi, kumwambia mtu kama yule mama. Na sababu ya hofu yangu ni hii: si kila kilichotokea ni kazi ya Mungu. Kingine ni kazi yetu, tumeiandikia jina lake.

Tuchukue Mai Mahiu. Mwanzoni watu walidhani bwawa limepasuka. Baadaye serikali ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani, kwa sababu njia ya maji chini ya reli ilikuwa imezibwa na udongo, mawe na miti. Tuta likashindwa, na maji yote yakashuka mara moja. Mvua ni ya Mungu. Tuta ni la watu, na kuzibua mfereji ni kazi ya watu. Miaka 6 kabla ya hapo, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba lilipasuka kule Solai, kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, na watu zaidi ya 40 wakafa jioni wakiwa nyumbani. Bwawa pia halioti lenyewe kama uyoga.

Hata mvua yenyewe tumeanza kuitia mkono. Wataalamu wa hali ya hewa wanasema hewa ikiongezeka joto digrii moja inaweza kubeba maji zaidi kwa takriban asilimia 7. Moshi mwingi ulioleta joto hilo ulitoka nchi za mbali zenye viwanda vikubwa, na wanaozama ni watu ambao hata gari hawana.

Dereva akiingia barabarani akijua gari halina breki, akaua mtu, halafu aje matangani aseme kazi ya Mungu haina makosa, wewe utamwonaje? Utasema anamtumia Mungu kama kichaka cha kujifichia. Basi na mimi nitoke kichakani.

Wapangaji wangu wa kule chini

Nilisema kwenye ushuhuda kwamba wapangaji wangu hawakuguswa. Sikusema walikuwa wakikaa wapi.

Nilikuwa na vyumba viwili vya mabati kwenye ukingo wa mto. Nilivijenga kwa pesa za chama, kwa fundi wa hapa hapa, siku nne vikaisha. Kutoka mlangoni hadi kwenye maji ni hatua kama kumi. Sheria zetu zinataka ukingo uachwe wazi, kati ya mita 6 na mita 30, kulingana na mto wenyewe. Nilijua. Nilijiambia kila mtu anajenga, na maskini wanahitaji mahali pa bei nafuu. Nilikuwa napangisha shilingi elfu tatu kwa mwezi. Usiku ule vijana wawili waliokuwa kwa chumba kimoja walimbeba mama na mtoto wa chumba cha pili, wakapanda paa la nyumba ya jirani. Wakapona. Jumapili nikaenda kanisani kumshukuru Mungu kwa kuwaokoa na hatari ambayo mimi ndiye niliwauzia.

Yule mama wa chapati hakuwa mpangaji wangu. Alikuwa wa mwenye nyumba mwingine, mlango wa tatu kutoka kwa vyumba vyangu. Ningependa kusema hiyo ni tofauti kubwa. Ni milango mitatu.

Kuna mstari katika Kumbukumbu la Torati 22:8 nilioupita mara nyingi bila kuuona. Unamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke kizuizi kuzunguka dari, watu wasianguke wakafa, damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Watu wa siku hizo walikaa juu ya dari zao, walilala huko wakati wa joto. Mungu hakusema mwenye nyumba aombee dari. Hakusema anayeanguka ni kwamba siku yake imefika. Alisema jenga kizuizi, na usipojenga, damu itaulizwa kwako.

Sasa weka mnara wa Siloamu upande huu na dari ya Torati upande ule. Siloamu inatuambia tusimuulize aliyekufa alikosa nini. Dari inatuambia tumuulize aliyejenga. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume kwa yote mawili, na nikapigiwa makofi.

Najua mtu atasema: mzee, unajitwika mzigo wa serikali. Nani alitoa vibali? Nani alinyamaza miaka yote, halafu mwezi wa tano akaleta tingatinga kubomoa nyumba za watu ambao hata tope halijakauka kwa magodoro yao? Swali hilo ni halali, na liulizwe kwa sauti. Watu wa ukingoni walipigwa mara mbili, na maji halafu na chuma, na wengi walibomolewa wakiwa hawana pa kwenda. Vyumba vyangu pia vilikwenda. Lakini nimegundua hatia haifanyi kazi kama deni la hoteli, kwamba mwingine akilipa zaidi, wewe unalipa kidogo. Serikali ina yake nzima. Mimi nina yangu nzima. Hata anayetupa takataka mtoni kila asubuhi mpaka mto ukakosa pa kupita, naye ana yake.

Basi tusishuhudie?

Hapa ndipo nimesumbuka zaidi. Tukiogopa kumuumiza aliyefiwa, je, aliyepona anyamaze? Asimshukuru Mungu? Kanisa lisilo na ushuhuda ni kanisa gani?

Nimefika mahali hapa, nawe unipime. Kushukuru ni jambo moja, kueleza ni jambo lingine. Mtoto akipewa chakula anasema asante bila kudai anajua kwa nini wa jirani alilala njaa. Mimi nilipaswa kusema, "Nimepona na namshukuru Bwana," nikome hapo. Kosa langu lilianza niliposema "kwa sababu." Hiyo "kwa sababu" sikupewa na mtu. Niliitunga mwenyewe, pale pale, nikisikia makofi.

Na shukrani ya kweli ina mikono. Kama nimeachiwa mlango, mlango huo ni wa nini kama haufunguki kwa ambaye wake ulibebwa? Ningemshuhudia malaika kidogo, nikamkaribisha yule mama alale kwangu, pengine hata swali lake asingeliuliza.

Marafiki wa Ayubu tunawasema sana, lakini walianza vizuri. Walikuja, wakalia, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno, maana waliona maumivu yake ni makubwa mno. Waliharibu walipoanza kueleza. Sisi tumeruka zile siku saba tukaenda moja kwa moja kwenye maelezo.

Ijumaa ya 10 Mei 2024, siku ambayo serikali ilitenga kuomboleza waliokufa na kupanda miti, nilikwenda kwa yule mama, kwa dada yake alikokuwa amehifadhiwa. Nilikwenda na mke wangu. Nikamwambia, "Mama, nilikosa. Sijui malaika alipita wapi. Najua tu kwamba sisi wenye nyumba tulijenga pale pasipofaa kujengwa, na mimi ni mmoja wao."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwambia mke wangu, "Mama, keti. Chai iko tayari." Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Tukanywa chai. Akatueleza jinsi msichana wake alivyopenda kukanda unga akajipaka usoni. Tulikaa mpaka jioni bila kuhubiri.

Mpaka leo mtoto hajapatikana. Mama bado anakuja kanisani, bado anakaa benchi la nyuma, na bahasha yake bado inakuja. Ninapoihesabu siku hizi, naishika kwanza. Kiwanja cha ukingoni sijajenga tena, ingawa wengine wamerudi na mabati yao, na mtu mmoja ameshaniuliza mara mbili kama napangisha. Namwambia hapana, na namwambia sababu.

Mvua itarudi. Ikirudi, usingoje siku ya matanga ndipo utafute la kusema. Uliza sasa: ni dari gani yangu haina kizuizi? Ni nani analala mahali ambapo mimi singemlaza mtoto wangu, na kila mwezi nachukua kodi yake?

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni lini ulitoa ushuhuda uliomwacha mwingine na maumivu? Ungeusemaje leo?
2. Kuna jambo gani katika mtaa wetu tunaloliita kazi ya Mungu, na ni kazi ya mikono yetu?
3. Ni nani aliyepoteza mtu katika mafuriko ambaye hatujamtembelea tangu mazishi, au ambaye hakupata hata mazishi?

Tuombe

Bwana, tunakushukuru kwa uhai, na hatutasema tuliustahili kuliko waliokwenda. Wakumbuke wazazi wanaosikiliza mlango usiku. Tusamehe kwa damu iliyo juu ya nyumba zetu. Tupe mikono ya kujenga vizuizi kabla ya mvua, na utufunge midomo mahali ambapo kinachohitajika ni kuketi tu. Amina.